Khofu Mbili za Mzee wa Isiolo

Mtu wa Pwani aendaye Isiolo hupanda kwanza, kisha akateremka. Hupanda mpaka Nanyuki, ambako baridi ya Mlima Kenya humfanya ajute kuliacha koti lake nyumbani. Hupita Timau penye mashamba ya ngano, na baada ya hapo barabara huinama, hewa ikabadilika, na mbele yake ikatandazwa nyika pana isiyo na mwisho. Joto lake ni kama la kwetu, ila halina bahari ya kulipoza.

Nilifika mji huo mwezi wa Septemba 2023, si kwa kazi ya gazeti bali kwa harusi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akioa binti wa Kiborana, nami nikatangulia siku tatu kabla ya wenzangu ili niwe mkono wa upande wetu.

Isiolo haimpi ugeni Muislamu atokaye Pwani. Adhana huzisikia kila upande. Wasomali waliopigana katika jeshi la Mwingereza walipewa makazi hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wajukuu wao wangalipo. Waborana wapo, Waturkana wapo, Wasamburu wapo, na Wameru huteremka na bidhaa zao kutoka mlimani. Kina mama huuza maziwa ya ngamia, mengine yakasafirishwa kwa mabasi hadi Nairobi. Sokoni utasikia lugha sita, lakini bei ikifika mahali pa kukatwa, hukatwa kwa Kiswahili.

Katika jamaa za bibi harusi alikuwamo mzee mmoja, ami yake binti. Jina lake sitalitaja, ingawa mwenyewe aliniruhusu kuandika habari zake. Alikuwa mtu wa mifugo tangu ujana, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na heshima nyingi. Siku ya kwanza tulikwenda pamoja msikitini kwa sala ya adhuhuri. Sote tulikaa mbele ya mifereji tukatia udhu. Yeye alipofika kwenye miguu hakuiosha. Alikuwa amevaa khofu za ngozi, akapukusa juu yake kwa mkono wenye maji, akainuka.

Kupukusa juu ya khofu ni ruhusa ya sheria. Msafiri siku tatu, na mkaazi siku moja na usiku wake. Sikuona kosa. Niliona ajabu tu, kwamba katika joto lile, ambalo mimi hata viatu vya wazi viliniudhi, mkaazi wa mji huo alikuwa amejifunga ngozi mpaka juu ya vifundo.

NILIYOYAONA ALASIRI

Siku ya pili nilikwenda msikitini mapema, kabla ya adhana ya alasiri, nikitafuta kivuli cha kulala kidogo. Nikamkuta mzee peke yake kwenye mfereji wa mwisho, ule wa pembeni. Muda wa khofu zake ulikuwa umekwisha, naye alikuwa anaosha miguu.

Mguu wa kushoto ulikuwa na mabaka. Kwenye unyayo na pembeni mwa kisigino yalikuwa bapa, rangi yake kama ya kidole cha mtoto aliyekula zambarau. Juu ya kifundo yalikuwa yameinuka yakawa vinundu vyeusi vigumu. Na mguu wenyewe ulikuwa umevimba, si kwa uvimbe laini wa mtu aliyesimama siku nzima, bali umekakamaa kama gogo.

"Umeona," akaniambia. Hakuwa anauliza.

"Nimeona, mzee wangu."

"Basi nyamaza, kama wanavyonyamaza wote wanaoniheshimu. Harusi ipite kwanza."

Nikamuuliza ameanza lini. Akanieleza, huku akikhalili vidole kwa uangalifu wa mtu anayegusa kidonda, ingawa alisema hakimuumi. Miaka miwili iliyopita aliona baka moja dogo, akadhani ni mwiba, au ukanda wa akala umemchubua. Likaja la pili, na la tatu. Akapaka dawa za miti. Akapigwa chuku, na damu ikatoka nyingi kuliko desturi, wakaogopa wakaacha. Mwisho alikwenda hospitali. Akaambiwa atakatwa kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, na damu ipimwe, pamoja na kupimwa virusi vya UKIMWI. Akatoka pale na hakurudi.

"Nikionekana kwenye foleni ile," akasema, "binti zetu wataolewa na nani?"

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa mzee alikuwa amevaa khofu mbili: moja ya ngozi miguuni, ya pili ya watu moyoni. Na mimi nilikuwa mtu wa upande wa bwana harusi! Neno moja langu kwa dada yangu, na pengine watu wangerudi Pwani bila bibi harusi. Aliyoiona siri yake ndiye hasa aliyekuwa akimwogopa.

KIKOMBE CHA MJOMBA

Msomaji mpenzi, mabaka yale sikuwa nikiyaona kwa mara ya kwanza. Nilikwisha kuyaona Mombasa, Mji wa Kale, mwaka 1994, kwenye mguu wa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa baharia wa majahazi, mtu wa kutembea peku juu ya sitaha. Mguu wake ulipoanza kuvimba watu walisema matende, maana matende sisi watu wa Pwani tunayajua. Yalipotokea mabaka, wengine wakasema amekanyaga kitu alichotegewa. Kisha yakamtoka mdomoni, kwenye kaakaa, akaanza kukonda, na hapo mtaa mzima ukatoa hukumu kwa sauti ya chini. Ulikuwa ni wakati ambao ugonjwa ule hautajwi jina. Watu walisema "ule", na kila mtu akaelewa.

Baraza lake, lililokuwa halikosi watu baina ya magharibi na isha, likabaki na paka. Nami nilikuwa kijana, ndio kwanza nimeanza kuandika. Jioni moja nilikwenda kumtazama. Akafurahi kama mtoto. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akanipa kikombe.

Nikamwambia, "Ahsante mjomba, nimefunga."

Sikuwa nimefunga. Jua lenyewe lilikuwa limekwisha kuchwa, na yeye alikuwa ameisikia adhana kama mimi. Akakichukua kikombe, akakinywa yeye, akaniuliza habari za mama. Hakunitia aibu. Alifariki mwaka uliofuata. Hakupimwa, kwa kuwa sisi jamaa zake tulichelea majibu kuliko maradhi, na majibu hayo tukayazika pamoja naye.

UGONJWA WENYEWE NI UPI

Madaktari huuita sakoma ya Kaposi. Ni saratani inayoanzia katika chembe zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na ya maji ya mwili, na ndiyo sababu ya rangi ile ya zambarau, na sababu ya damu kutoka kwa wingi ikichokozwa. Juu ya ngozi nyeusi hutokea kahawia iliyoiva au nyeusi kabisa, kwa hiyo mtu huweza kuidharau. Mara nyingi haiwashi wala haiumi mwanzoni. Lakini haikai kwenye ngozi siku zote. Huingia kwenye tezi, kwenye utumbo na kwenye mapafu. Mgonjwa akianza kukohoa damu, au kutweta bila kazi, au kupata choo cheusi kama lami, ajue kwamba lililoonekana nje limekwisha kubisha hodi ndani.

Jina limetokana na daktari wa ngozi, Moritz Kaposi, aliyeueleza ugonjwa huu mjini Vienna mwaka 1872. Yeye naye jina hilo alilichukua kutokana na mji aliozaliwa, Kaposvár, nchi ya Hungaria. Aliowaona yeye walikuwa wanaume watu wazima, na Ulaya ukahesabiwa kuwa ugonjwa wa nadra, wa wazee wa pande za bahari ya Mediterania.

Lakini kwetu haukuwa nadra. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kwa mikono miwili. Kabla dunia haijasikia neno UKIMWI, madaktari wa Uganda na Kongo walikuwa wakiwaona wagonjwa wa mabaka haya mara kwa mara. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuuzungumzia ugonjwa huu peke yake. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanaume, na mahali palipoathirika zaidi ni miguu. Watoto pia walipatwa, kwao ukianzia katika tezi. Mwaka 1967 Kampala ikafunguliwa taasisi ya saratani, na daktari wake wa kwanza, John Ziegler, alikuja baadaye kutoa rai kwamba huenda udongo wa volkano unaoingia katika nyayo za wanaotembea peku una mchango wake. Rai hiyo bado ni rai, haijawa hukumu. Hata hivyo nilipoutazama Mlima Kenya ukiwa nyuma ya mji wa Isiolo, na nikazikumbuka nyayo za wachungaji, sikuweza kuisahau.

Halafu ukaja msiba mkubwa. Mwaka 1981 Marekani iliwaona vijana wenye mabaka ya Kaposi, ikawa ni moja ya dalili za kwanza za UKIMWI kuandikwa. Mwaka 1983 daktari mpasuaji wa Lusaka, Anne Bayley, alitambua kwamba mabaka aliyokuwa akiyajua kwa miaka, ya polepole, yamegeuka. Sasa yalikuwa yakikimbia na kuua vijana. Kampala nako ugonjwa ukapanda mpaka ukawa wa mbele miongoni mwa saratani za wanaume. Tangu hapo baka likawa shahidi, na kila aliyekuwa nalo akahukumiwa kwa ushahidi huo mmoja.

Chanzo chake kilijulikana mwaka 1994, mwaka ule ule niliokikataa kikombe. Mtu na mkewe, Patrick Moore na Yuan Chang, waliokuwa New York, waligundua kirusi kilichomo katika mabaka hayo. Ni cha ukoo mmoja na kile kiletacho tetekuwanga. Katika nchi zetu huenea zaidi kwa mate, tangu utotoni, majumbani mwetu. Sehemu kadhaa za Uganda zaidi ya nusu ya watu wazima wanacho, na walio wengi kabisa hawataugua maisha yao yote. Kwa hiyo kumkimbia mgonjwa hakumkingi mtu na chochote. Kirusi hicho huenda unacho wewe unayemkimbia. Kinacholeta ugonjwa ni kinga ya mwili kulegea: kwa uzee, kwa virusi vya UKIMWI, au kwa dawa. Madaktari wa Saudia waliandika mwaka 1988 kwamba wagonjwa waliopandikizwa figo, ambao hupewa dawa za kuilegeza kinga ili mwili usilikatae figo geni, walipatwa na Kaposi kuliko saratani nyingine yoyote. Je, na hao tuwasengenye?

UA LA BUKINI

Na dawa ipo. Mwenye virusi vya UKIMWI, tiba ya kwanza ni zile dawa za kupunguza makali. Kinga ikirudi, mabaka machache mara nyingi hufifia yenyewe. Yakiwa mengi, au yameingia ndani, huongezwa dawa za kuua saratani. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa kwa waliozidiwa, dawa iitwayo paklitakseli pamoja na zile za kupunguza makali huwafaa kuliko dawa zilizokuwa zikitumika kabla yake. Asiye na virusi hivyo, hutibiwa kwa kadiri ya ugonjwa: pengine kwa miale, pengine kwa dawa za mshipani. Ndiyo maana daktari hupima damu. Hapimi ili amfedheheshe mtu. Anapima ili ajue njia ya kupita.

Moja ya dawa hizo, vinkristini, hutokana na ua ambalo kina mama wa Pwani wamelipanda nyuani miaka na miaka: kile kiua chekundu cha waridi au cheupe, chenye majani matano, kisichoogopa jua wala mchanga. Asili yake ni Bukini. Lakini tafadhali, asije mtu akalichemsha akamnywesha mgonjwa. Ndani yake mna sumu, na kiasi cha kuponya na cha kuua viko karibu mno. Mwachie mwenye mizani. Dua isomwe, kombe linywewe kwa anayeamini, havigombani na hospitali. Kinachogomba ni kuchelewa. Na chuku isipigwe juu ya baka.

KAHAWA YA ISIOLO

Usiku ule, baada ya isha, nilimwendea mzee nyumbani kwake nikamsimulia habari ya mjomba, na uongo wangu wa saumu. Sikuwa nimepata kumsimulia mtu. Alinyamaza muda mrefu.

"Sasa unataka nikupunguzie deni lako kwa mguu wangu?" akasema.

Nikamjibu, "Pengine, mzee. Lakini mguu ni wako, na mapafu ni yako."

Akacheka. Tukaafikiana: mimi sitasema neno kwa upande wetu, na yeye harusi ikipita atakwenda. Harusi ikapita vizuri. Juma lililofuata akaenda, na mimi nikamfuata kwa simu. Kipande kilikatwa, damu ikapimwa, majibu yakasubiriwa. Ilikuwa ni Kaposi. Virusi vya UKIMWI hakuwa navyo. Ulikuwa ule wa zamani, wa polepole, na mapafuni ulikuwa haujafika. Akaanzishiwa dawa, akisafiri kwa matatu kila zilipofika zamu zake.

Mwaka 2024 nilirudi Isiolo kuwatazama maarusi. Mzee alikuwa amevaa kandambili. Vinundu vilikuwa vimenywea, mabaka yamebaki kama kivuli. Uvimbe haukwisha wote, na daktari alimwambia atatazamwa maisha yake yote. Mke wake akaleta buni zilizokaangwa kwa samli, kama wafanyavyo Waborana wakimpokea mgeni, na chai ya maziwa ya ngamia.

Nami, kwa furaha, nikasema neno ambalo nilidhani ni zuri. Nikasema, "Alhamdulillahi mzee, umeonekana huna ule ugonjwa. Sasa utawafumba watu midomo."

Akaniangalia. Akakishika kikombe chake, akapiga funda, kisha akaninyoshea hicho hicho.

"Na kama ningekuwa nao," akaniuliza, "ungekunywa?"

Miaka thelathini baada ya Mji wa Kale, swali lilikuwa lile lile. Nilidhani nimejifunza, kumbe nilikuwa nimejifunza nusu. Nilikuwa nimeitoa dhana juu ya mzee mmoja, nikaibakisha juu ya wengine wote. Nikafurahi kwamba yeye hayumo katika wale tunaowakimbia, badala ya kuacha kukimbia. Na dini yetu haikutufundisha kumtembelea mgonjwa msafi wa hoja peke yake. Imetufundisha kumtembelea mgonjwa.

Nikakipokea kikombe nikanywa. Ilikuwa chungu kidogo, na moto, na nilikwisha kuchelewa kuinywa kwa mjomba wangu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wakati mwingine anayeficha si mgonjwa, ni sisi tunaomlazimisha afiche. Mwislamu huosha miguu mara tano kwa siku. Hakuna mtu mwenye nafasi zaidi ya kuliona baka lingali dogo. Aliangalie. Likikaa wiki kadhaa lisiondoke, aende. Na akienda, jirani yake amshikie mlango.

Namalizia kwa beti mbili, kama ilivyo ada yangu:

Uoshapo, ndugu yangu, utazame nyayo chini,
Baka la rangi ya wingu, usilifunike ndani,
Dawa hutoka kwa Mungu, tabibu yumo njiani,
Usiufiche uchungu, ukafika mapafuni.

Nawe uliye jirani, usikimbie kikombe,
Mgonjwa si wa pembeni, naye pia ni kiumbe,
Dhana haijui ndani, hupiga watu kwa pembe,
Kaa naye barazani, kwa Mola dua uombe.